Nati Mbili za Madigadi ya Mbele

Mimi madigadi nayasikia kabla sijayaona. Baiskeli ikipita nyuma yangu barabarani, nimeipa mgongo, nitakwambia kama mguu wa bati lile la kuzuia matope umelegea, umelegea upande gani, na kama aliyeufunga ni fundi au ni mtu tu aliyeshika spana. Watu huniona najisifu. Waache wanione. Leo nina duka lenye milango ya chuma na vijana wanaoniita bwana mkubwa, na vyote hivyo vimetoka katika bati, nyundo na mikono hii miwili, maana shule niliiacha darasa la pili na haikunililia. Lakini uko mlio mmoja wa bati ambao mpaka leo ukinifikia, huacha nilichokishika nikasikiliza. Ndio huo nitakaousimulia.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo na bendera yake. Nilikuwa kijana, nina kibanda Ngamiani, ukuta mmoja wa makuti na paa la madebe. Baiskeli zilikuja kutoka madukani na madigadi membamba kama ganda la kitunguu. Kwa karani wa mjini yalitosha. Kwa mtu wa mashamba ya mkonge, au mtu wa milimani, mvua ya siku moja tu ilimrudisha nyumbani kama aliyefinyangwa. Mafundi wengine walikuwa wakinyoosha yaliyopinda, basi. Mimi niliyatengeneza upya. Nilikata bati la pipa, nikaliponda juu ya kipande cha reli mpaka likakubali kuzunguka gurudumu, nikakunja kingo zake juu ya waya ili zisikate mtu, nikaliongezea mashavu mawili ya kuzuia matope yasiruke ubavuni. Mwisho nikaning'iniza ulimi wa mpira wa tairi la lori, ukigusa chini kidogo tu. Mkia wa nyuma niliupaka chokaa ya mafuta, mweupe, na juu yake kigae chekundu, ili wenye magari wakuone. Watu walitoka Pangani kuja kwangu. Walitoka Muheza. Sisemi uongo.

Sasa mjomba wangu. Yeye ni kaka yake mama, na kwetu Wadigo mjomba ndiye mwenye mtoto. Ndiye aliyenilea, ndiye aliyeninunulia nyundo ya kwanza. Alifanya kazi Amani, kule juu msituni, kwenye kituo cha wataalamu wa mimea, akipandikiza miche na kuitunza. Kila Ijumaa aliteremka mlima kwa baiskeli kwenda kusali kwenye msikiti ulioko chini, halafu jioni alipanda tena kwa miguu, baiskeli anaisukuma. Njia ile niliijua. Upande mmoja ni ukingo wa udongo mwekundu. Upande wa pili unatazama vilele vya miti, maana miti yenyewe imesimama huko chini bondeni.

Mzee yule alikuwa na tabia moja iliyotuchekesha sote. Hakuwahi kuitikia salamu akiwa juu ya baiskeli. Mtu akimwambia shikamoo, hubana breki taratibu, hushuka, huisimamisha baiskeli vizuri, ndipo husema, "Marahaba, hujambo?" Na haishii hapo, atakuuliza habari za watu wa nyumbani kwako mmoja mmoja. Nilimwambia siku moja, "Mjomba, si uitikie huku unakwenda?" Akanitazama kama niliyetukana. "Mtu kakuamkia kwa adabu, weye umtupie jibu toka juu, kama unamtupia mbwa mfupa?" Watoto wa Ngamiani walilijua hilo. Walikuwa wakijipanga kando ya njia. Huyu shikamoo, akishapanda tu, yule shikamoo, hata safari ya kutoka stesheni mpaka kibandani kwangu ikamla asubuhi nzima.

Wiki ile alinijia na baiskeli yake imenyeshewa. "Mpwa wangu," akasema, "mimi kanzu naivaa nyeupe, nafika msikitini nimekuwa kama mchinja ng'ombe. Watu wanakaa mbali nami. Nifanyie dawa."

Nilimfanyia dawa ambayo sijamfanyia mtu. Yale ya mbele niliyashusha mpaka karibu na ardhi, na mashavu nikayafanya mapana kuliko ya mtu yeyote. Yalikuwa mazito, lakini niliyafunga kwa miguu minene ya chuma kila upande, na kila mguu skrubu moja, nati mbili, ya pili ikiikaba ya kwanza. Nikapaka rangi nyeusi, ila mkia wa nyuma mweupe kama kawaida yangu. Jumatano jioni nilizikagua nati zote kwa spana, halafu kwa vidole. Mjomba alilala kwa ndugu zetu Makorora, na nilimwambia aipitie asubuhi wakati wowote, hata kama sipo. Baiskeli ingepanda juu ya basi mpaka Amani. Haikuwa na kazi yoyote mpaka Ijumaa.

Alhamisi asubuhi nilikwenda dukani kununua spoku za gurudumu. Niliporudi, ukuta uko mtupu. Mama aliyekuwa akikaanga vitumbua mbele ya kibanda changu akaniambia, "Mjomba'ako kaichukua, basi lilikuwa linampigia honi. Kasema Mungu akuzidishie mikono yako." Nilivimba kichwa. Siku nzima niliwahadithia wateja.

Ijumaa, jua ndiyo kwanza linatoka, akaja mtani wangu.

Huyu alikuwa Mnyamwezi, mkata mkonge wa shamba moja lililo karibu na mji, Mkatoliki asiyekosa kanisa. Wao na sisi watu wa pwani ni watani toka zamani za misafara. Mtani anaweza kuja akachukua kitu chako, ukakasirika ukachekwa na mtaa mzima. Kazi yako ni kukikomboa kwa chakula. Yeye aliwahi kunichukulia nyundo, nikaikomboa kwa wali na papa. Mimi nilimvua kofia mlangoni pa kanisa lake, akaikomboa kwa mkungu wa ndizi.

"Hodi, mtumwa wangu!" akapaza sauti. "Hujalia bado?"

"Nilie nini, mpagazi weye? Mzigo wako umeutua wapi?"

"Fundi anayesikia nati ikilegea toka Pangani! Kumbe hata akivuliwa suruali hajui." Akaingiza mkono ndani ya shati, akavuta uzi wa katani aliouvaa shingoni. Kwenye uzi kulikuwa na nati mbili. "Nataka jogoo. Na wali wa nazi, usiniletee wa maji."

Nati zangu nilikuwa nikizipiga tupa pembe moja, ili nizitambue. Nilizitambua.

"Za baiskeli ipi hizo?"

"Ile ya mkia mweupe iliyoegemea ukutani. Mguu wa mbele, kulia. Nilikukuta hupo jana asubuhi, nikafungua kwa spana yako mwenyewe." Akageuka kuitafuta kwa macho, akicheka bado. "Iko wapi?"

Nikautazama ukuta mtupu. Kicheko kikabaki mdomoni mwake peke yake, macho yameshaacha kucheka.

"Ya nani ile?" akauliza.

"Ya mjomba. Leo anateremka nayo toka Amani."

Madigadi ya dukani yakiachia upande mmoja, ni kelele tu. Yangu mimi yalikuwa bati la pipa. Skrubu ilibaki tunduni mwake imeshikwa na rangi mbichi, na rangi haishiki chuma kwenye njia ya mawe. Itatikisika, itatoka. Mguu utakuwa huru, utacheza, utaingia kwenye spoku. Gurudumu la mbele litakabwa pale pale. Baiskeli itasimama, na aliye juu yake hatasimama. Nilikuwa nimewahi kuletewa baiskeli iliyofanya hivyo, na mwenyewe hakuja kuichukua, walikuja ndugu zake.

"Mpigie simu," mtani akasema.

"Nani atakwenda kumwita mtunza miche bustanini aje kwenye simu? Na mimi nani atanipa simu, na grisi hii?"

Nilichukua spana nikatoka mbio. Kibanda nilikiacha wazi, na vitu vyote ndani. Mtani akanifuata. Sikumwita, wala sikumfukuza.

Tulibahatika kupata lori la magogo lililokuwa likirudi tupu kuelekea mlimani. Dereva wake nilikuwa nimemtengenezea baiskeli. Tulikaa nyuma, juu ya mbao, tunarushwa kila shimo. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Kila nilipoona dimbwi njiani nilimwona mzee akikunja kanzu, anafurahi kwamba leo hatachafuka, anaacha baiskeli iende.

Tulipopita Muheza mtani akafungua mdomo. "Kwenu mkifiwa," akasema, "mtani ndiye anayetangulia kuingia kaburini, alale ndani, akatae kutoka mpaka apewe kitu. Sivyo?"

"Nyamaza."

"Nasema tu. Kwamba nikimuua mimi, tena mimi ndiye nitakayekwenda..."

"Nyamaza, nimekwambia!"

Alikuwa anataka kutania. Ndiyo njia aliyoijua ya kuzungumza na mimi. Lakini sauti ilimkatika, akageukia upande wa pili.

Lori lilitushusha chini ya mlima, penye msikiti. Mzee mmoja alikuwa anafagia ua. Nikamwamkia, nikamwuliza kama mjomba amefika.

"Bado," akasema. "Na si kawaida yake. Wiki zote huwa wa kwanza, hunikuta sijaanza kufagia."

Kachelewa. Mtu anachelewa kwa sababu kazi ilimzuia. Mtu anachelewa pia kwa sababu nyingine.

Tulianza kupanda. Mbele kidogo njia ya magari inazunguka, na pana kinjia cha miguu kinachokata kona, kinapanda moja kwa moja kwenye miti. Tukasimama. Tukishika kinjia, tutafika juu upesi, lakini mzee anaweza akapita kwenye barabara, chini yetu, tusimwone. Tukishika barabara, tutachelewa.

"Mimi kinjia," mtani akasema. "Weye barabara. Atakayemkuta kwanza amsimamishe." Akakata uzi kwa meno, akanipa nati moja, yeye akabaki na moja. Hakuniita mtumwa wake. Jambo hilo liliniogopesha kuliko yote, kwamba yule mtu hakuwa na utani tena.

Nilipanda peke yangu. Nguvu ninazo, mpaka leo naweza kumbeba kijana wa leo mgongoni, lakini siku ile miguu haikuwa yangu. Kwenye kila kona nilitazama kwanza ule upande wa vilele vya miti, nikitafuta kitu cheupe. Mara moja nilikiona. Lilikuwa ua la mti fulani, limechanua peke yake. Nilikaa chini nikapumua, nikainuka nikaendelea.

Wakatokea wanawake wawili wa Kishambaa, wana mizigo ya mboga vichwani. Nikawauliza kwa pupa kama wamemwona mzee wa baiskeli, wa kanzu.

"Tumemwacha juu kule," mmoja akasema. "Kashuka kutuitikia. Katuuliza habari za watoto, wa kwangu wote, halafu wa mwenzangu. Tukamwambia mzee, mizigo inatuumiza shingo, ndipo akatuachia."

"Baiskeli yake ilikuwaje? Ilikuwa inalia?"

Wakatazamana. "Inalia? Baiskeli?" Wakanipita, na nikasikia mmoja akimwambia mwenzake kwa lugha yao neno ambalo bila shaka lilikuwa wazimu.

Nikaendelea. Hakuna mtu. Maji yanadondoka majanini. Tumbili walikuwa wanapigizana kelele juu, halafu ghafla wakanyamaza wote, na katika ule ukimya nikaisikia kengele ya baiskeli, mbali, mzee akiionya kona. Chini ya kengele, kitu kingine.

Tak. Tak. Tak-tak. Tak.

Nimekwambia mimi madigadi nayasikia. Skrubu ilikuwa imeshatoka. Mguu wa kulia ulikuwa huru, ncha yake inazibusu spoku moja moja. Na mlio ule ulikuwa unaongeza kasi.

Mwili wangu wote ulitaka kupiga kelele. Simama! Neno lilikuwa limeshajaa mdomoni. Nikalimeza, na sijapata kumeza kitu kizito kama kile. Kwa sababu nilimjua mzee wangu. Akisikia ukelele atashtuka, atabana breki zote kwa nguvu, gurudumu la mbele litarukaruka, na mguu ule haukuhitaji zaidi ya mruko mmoja. Na mkono wake wa kushoto palikuwa na vilele vya miti.

Akatokea kwenye kona. Kanzu kaikusanya mapajani, kofia kaikaza, uso umetulia. Bati lile pana lilikuwa linayumba mbele yake kama sikio la tembo. Tak-tak-tak-tak.

Nikasogea kando ya njia. Nikaweka spana nyuma ya mgongo. Nikasema kwa sauti ya mtoto aliyetumwa chumvi kwa jirani, wala si juu wala si chini:

"Shikamoo, mjomba."

Aliniona. Uso ukamkunjuka. Nikaona vidole vyake vikibana breki ya nyuma pole pole, kama alivyofanya maisha yake yote. Tak-tak. Tak. Alinipita. Mlio ukaniacha nyuma, nami sikuthubutu kugeuza shingo. Tak. Halafu kimya. Halafu viatu vikigusa ardhi.

"Marahaba, mpwa wangu. Hujambo?"

"Sijambo, mjomba."

"Mama'ako hajambo?"

"Hajambo."

"Na wa Makorora?"

"Hawajambo wote."

Aliniuliza na yule mama wa vitumbua. Nilimjibu yote, moja baada ya moja, na macho yangu yako kwenye gurudumu. Ncha ya mguu ilikuwa imeshaingia kati ya spoku mbili, kama kidole kilichotiwa kwenye bawaba ya mlango. Spoku zilikuwa na mikwaruzo mipya inayong'aa.

"Haya," akasema, "sasa nieleze. Ijumaa hii, umesimama njiani na nguo za kazi, una nini?"

Nikachuchumaa kwenye matope, nikaitoa spana.

Nilimweleza huku nafunga. Au niseme nilijaribu kufunga, maana nati iliniponyoka ikaanguka topeni, mimi, ambaye hata nikisinzia nati hainianguki. Skrubu nyingine niliitoa kwenye mguu wa nyuma, ambako hakuna hatari. Nilikuwa naipangusa nati ile tuliposikia mtu anateremka mbio kutoka juu, anapiga mayowe. Ni mtani. Alitokea barabarani huko juu, akakuta alama za tairi zimeshapita, akadhani kachelewa. Alipotuona akasimama ghafla, kachanika shati na uso kwa miiba. Akamtazama mzee toka kofia mpaka viatu, kama mtu anayekagua.

"Shikamoo, mzee," akasema, na akaanza kulia.

"Marahaba, baba. Hujambo?" Mzee akamtazama, akaitazama nati iliyokuwa mkononi mwake na kile kipande cha uzi wa katani. Akanigeukia. "Mmekwisha kukomboana?"

"Bado."

"Ametaka nini?"

"Jogoo. Na wali wa nazi."

"Basi mpe."

"Sitaki, mzee," mtani akasema. "Sitaki kitu." Na mtu huyo nilikuwa sijamwona akikataa chakula.

Nilizifunga nati zote mbili. Halafu nikatafuta jiwe, nikaipigilia ncha ya skrubu juu ya nati mpaka chuma kikafumuka, isiweze kufunguka tena ila kwa tupa. Toka siku ile madigadi yote yanayotoka mikononi mwangu nayapigilia hivyo. Wateja hulalamika kwamba kubadilisha tairi kwangu ni kazi ya nusu siku. Huwaambia waende kwa mafundi wengine. Wanadhani ni maringo.

Nilimwomba mzee ateremke kwa miguu, mimi nimsukumie baiskeli. "Sala itanipita," akasema. Akanipa mkono, akampa na mtani, akakusanya kanzu, akapanda. Nikataka kumwambia shikamoo tena, ashuke. Akaizunguka kona, akapotea.

Tulisimama tukisikiliza. Kengele. Matairi kwenye tope. Hapakuwa na tak. Lakini sikio langu lilikuwa limekwisha kuharibika, likawa linaisikia hata pasipokuwepo, nikawa namshika mtani mkono, "Umesikia?" naye anatikisa kichwa, halafu anasikiliza tena. Kengele ikawa mbali. Halafu hatukusikia kitu, na hatukujua kama ni kwa sababu amefika au kwa sababu nyingine.

Hatukushuka. Tuliogopa kushuka, tusije tukakuta jambo kwenye kona. Tulikaa pale kando ya njia mpaka akapanda Mshambaa mmoja, Mlutheri, msumeno begani, anatoka chini. Mtani ndiye aliyemwuliza.

"Mzee wa baiskeli?" mtu yule akasema. "Nimemkuta mlangoni pa msikiti. Amesimama anaitazama kanzu yake, anaigeuza mbele na nyuma."

Nikaruka nikamshika bega. "Ina nini? Kanzu ina nini?"

Akautoa mkono wangu begani, taratibu, kwa kunionea huruma.

"Haina kitu," akasema. "Nyeupe pe."